Barua Iliyorudi: Lugha ya Hitilafu katika Uendeshaji wa Orodha za Barua Pepe

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu za kuendesha orodha za barua pepe zinavyofanya kazi, hitilafu zake huzuka wapi, na kwa nini namna ya kuzitaja hitilafu hizo kwa Kiswahili si jambo la mapambo. Mfano unaotumika ni wa Doldol, mji mdogo wa Laikipia Kaskazini nchini Kenya, zaidi ya kilomita 50 kaskazini mwa Nanyuki, mahali ambapo nchi iliyo chini ya Mlima Kenya huanza kukauka na kuelekea upande wa Wasamburu.

Huenda msomaji akashangaa kuona Doldol ikihusishwa na mambo ya kompyuta. Kwa wanaisimu, hata hivyo, jina hilo si geni. Katika msitu wa Mukogodo na viunga vyake wanaishi Wayaaku, ambao zamani walikuwa wawindaji na warina asali wenye lugha yao wenyewe, Kiyaaku, mojawapo ya lugha za Kikushi cha Mashariki. Katika miaka ya 1920 na 1930 waliingia katika maisha ya ufugaji na kukichukua Kimaasai, na lugha yao ikaachiwa wazee. Bernd Heine alichapisha maelezo ya Kiyaaku katikati ya miaka ya 1970. Matthias Brenzinger, katika maandishi yake ya mwaka 1992, alichunguza maneno ya Kiyaaku yaliyobakia ndani ya Kimaasai cha Mukogodo. Mnamo 2004 na 2005 wanaisimu wa Leiden, wakiwamo Maarten Mous na Hans Stoks, walikwenda Doldol kwa ombi la Wayaaku wenyewe, waliotaka kujua kama lugha yao ingeweza kuhuishwa.

Lugha ya namna hii ina wenyewe wachache walio mahali pamoja, na wachunguzi wachache waliotawanyika duniani. Mazungumzo kati ya makundi hayo mawili ndiyo hasa kazi inayoifaa orodha ya barua pepe. Ichukuliwe basi, kwa ajili ya maelezo tu, kwamba idara moja ya lugha imeanzisha orodha ya watu 80 wanaojishughulisha na Kiyaaku: wachache wako Doldol na Nanyuki, wengine Nairobi na Dar es Salaam, wengine Ulaya. Orodha hiyo ni ya kubuni. Hitilafu zitakazoelezwa si za kubuni, nazo humpata kila msimamizi wa orodha mapema au baadaye.

2. Orodha na bahasha yake

Orodha ya barua pepe ni anwani moja inayosimama badala ya nyingi. Mwanachama huandika kwa anwani ya orodha. Programu huipokea barua, hukagua kama mwandishi anaruhusiwa, kisha huituma nakala kwa kila jina lililomo katika daftari lake. Hapo mwanzo daftari hilo lilitunzwa na mtu kwa mkono: aliyetaka kuingia au kutoka alimwandikia msimamizi, akangoja. Mwaka 1986 Éric Thomas, aliyekuwa mwanafunzi mjini Paris, alitunga programu ya LISTSERV iliyoikabidhi mashine kazi hiyo. Brent Chapman akafuata na Majordomo mwaka 1992, na mwishoni mwa muongo huo ikaja Mailman, iliyoanzishwa na John Viega, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka 1999. Mailman ndiyo iliyoenea zaidi katika vyuo, na maelezo yanayofuata yanaihusu hasa hiyo katika toleo lake la 2.1. Toleo la 3 lilitoka mwaka 2015, lakini vyuo vingi viliendelea na lile la zamani hata baada ya Januari 2020, ambapo lugha ya kompyuta iliyotumika kuliandika iliacha kutunzwa.

Afrika Mashariki haikuchelewa sana katika mambo haya kama inavyodhaniwa. Barua pepe ilitangulia intaneti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha mashirika ya mazingira kilichokuwa Nairobi kilipokea barua za wateja wake, kikazikusanya, na kuzipitisha London kwa njia ya simu. Wakati huohuo Wakenya waliokuwa wakisoma Marekani walikuwa na orodha yao ya kupashana habari za nyumbani; watatu miongoni mwa wasomi wa kizazi hicho, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, ndio walioasisi Africa Online mwaka 1994. Baadaye mijadala mingi ya sera za mawasiliano nchini Kenya imeendeshwa katika orodha ya KICTANet. Kwa hiyo orodha si kitu cha kigeni. Kilichobaki kigeni ni lugha ya kuishughulikia inapoharibika.

Jambo moja lazima lifahamike kabla ya kuendelea. Barua pepe, kama ile ya posta, ina bahasha na ina kichwa cha barua. Juu ya bahasha huandikwa anwani ya kupelekea na anwani ya kurudishia. Ndani, kwenye kichwa cha barua, huandikwa jina la mwandishi na la mwandikiwa. Msomaji huiona barua tu. Bahasha huchanwa na kutupwa kabla hajafungua. Katika barua ya kawaida bahasha na kichwa hutaja mtu yuleyule. Katika barua ya orodha hutofautiana: kichwa kinamtaja mwandishi, mathalani mwalimu aliyeko Leiden, lakini anwani ya kurudishia iliyo juu ya bahasha ni ya orodha yenyewe. Ndiyo maana barua isiyofika humrudia msimamizi, si mwandishi. Takriban kila tatizo litakalotajwa hapa chini linatokana na tofauti hiyo.

3. Barua ikirudi

Kiingereza hulitaja tukio hili kwa mfano wa mpira unaodunda. Kiswahili hakina haja ya mpira. Barua hurudi, au hurudishwa, na watu wamekuwa wakisema hivyo tangu enzi za posta. Tatizo halipo katika jina. Lipo katika kutobagua aina za kurudi.

Seva inayopokea barua hujibu kwa msimbo wa tarakimu tatu. Msimbo unaoanza na 5 maana yake ni kukataa moja kwa moja: barua hii sitaipokea, usirudi nayo. Unaoanza na 4 maana yake ni kuahirisha: siwezi kuipokea sasa, jaribu tena. Tangu 1996 umeongezwa msimbo wa pili wenye sehemu tatu unaoeleza sababu. Kwa mfano, 5.1.1 husema kwamba hakuna kisanduku chenye anwani hiyo, 5.2.2 kwamba kisanduku kimejaa, 5.7.1 kwamba barua imekataliwa kwa sababu za idhini au usalama. Baada ya tarakimu huja maneno, ambayo kwa kawaida ni ya Kiingereza na ambayo kila kampuni huyaandika ipendavyo. Msimamizi mwenye busara husoma tarakimu kwanza.

Barua iliyoahirishwa haipotei. Seva iliyoituma huiweka katika foleni na kuijaribu tena na tena, kwa kawaida hadi siku 5, ndipo ikakata tamaa na kuirudisha. Zipo seva ambazo humwahirisha makusudi kila mgeni zisiyemjua, kwa kuwa watumaji wa barua taka hawana subira ya kurudi. Ni ujanja wa mlinzi wa lango anayemwambia mgeni aje baadaye ili aone kama kweli ana shida. Kwa hiyo barua iliyochelewa nusu saa si ishara ya ugonjwa.

Sasa, programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huyaeleza mambo haya yote kwa kauli moja: “Imeshindwa kutuma.” Yafaa kauli hii ichunguzwe. Kiambishi cha kiima ni i-. Nini kimeshindwa? Barua ni ya ngeli ya I-ZI. Vivyo hivyo programu, seva, orodha na anwani. Vitu vyote vitano vinavyoweza kuwa na hatia vimo katika ngeli moja, na nomino yenyewe haikutajwa. Mfasiri aliyeifuata sentensi ya Kiingereza isiyo na mtenda hakuona hasara yoyote. Msomaji wa Kiswahili amepewa kiambishi kinachoelekeza pande tano kwa wakati mmoja. Linganisha na “kisanduku kimejaa”. Hapa ki- inatosha kuondoa shaka hata nomino ikidondoshwa.

Kauli za vitenzi nazo zina uzito wake. “Imerudi” haimtaji mtenda. “Imerudishwa” inamdai: imerudishwa na nani? “Imeshindikana” inakwenda mbali zaidi, kwani kauli ya kutendeka huliwasilisha tukio kana kwamba ndiyo tabia ya kitu chenyewe, mfano wa mlango usiofunguka au njia isiyopitika. Kuandika kwamba barua ya kwenda Doldol “imeshindikana” ni kudokeza kuwa Doldol ni mahali pasipofikika. Kumbe mara nyingi kuna mtenda anayejulikana kwa jina, naye ni seva fulani iliyotumia kanuni fulani. Ingefaa basi kutenga maneno mawili na kuyashikilia: barua *iliyokataliwa* kwa misimbo ya 5, na barua *iliyoahirishwa* kwa misimbo ya 4. Yote mawili yako katika kauli ya kutendwa, na yote mawili humlazimisha msomaji kumtafuta mtenda. “Seva ya mpokeaji imeikataa barua hii kwa kuwa kisanduku kimejaa” ni sentensi ndefu kuliko “imeshindwa kutuma”, lakini mtu akiisoma anajua pa kuanzia.

4. Dhana ya “mtandao mbaya”

Msimamizi aliyeko Nairobi akiona kwamba anwani za Doldol zinarudisha barua, jibu lake la kwanza huwa ni kwamba mtandao wa kule ni mbaya. Jibu hili huonekana la busara, na kwa hiyo uchunguzi huishia hapo. Si sahihi.

Mwanachama wa Doldol hatunzi seva nyumbani kwake. Kisanduku chake kipo katika seva za kampuni kubwa, mbali sana na Laikipia, na yeye hukifungua kwa simu ya mkononi anapopata nafasi. Mawasiliano ya Doldol yakikatika kwa siku tatu, barua za orodha zitaendelea kupokelewa kisandukuni bila kasoro na kumngoja. Hakuna itakayorudi. Kukatika kwa mtandao huchelewesha *kusoma*, hakuathiri *kupokelewa*. (Hali ingekuwa tofauti kwa shirika lenye seva yake ofisini Nanyuki, ambayo ikizimika kwa kukosa umeme barua zitaahirishwa, na baada ya siku 5 kurudi.) Hata hoja kwamba eneo lenyewe liko nyuma katika mambo haya ina walakini. Mwaka 2013 viunga vya Nanyuki vilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza Afrika kujaribiwa intaneti inayopita katika masafa ya televisheni yasiyotumika, katika mradi ulioitwa Mawingu.

Sababu halisi ya barua kurudi kutoka anwani za aina hii mara nyingi ni nafasi. Kisanduku cha bure cha Gmail kina gigabaiti 15, lakini nafasi hiyo si ya barua peke yake; picha na mafaili ya mtu yumo humo humo, na tangu 2024 akiba ya mazungumzo ya WhatsApp katika simu za Android nayo huhesabiwa. Mtu aliyepiga picha na video za sherehe mbili tatu, simu ikazihifadhi yenyewe, huweza kukijaza kisanduku chake bila kupokea barua hata kumi. Kuanzia hapo seva hujibu 452 au 552: mara huahirisha, mara hukataa. Sababu ya pili ni ukimya. Tangu Desemba 2023 kampuni hiyo hufuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili, na anwani iliyofutwa hujibu 5.1.1, kama kwamba mwenyewe hakuwahi kuwapo. Mzee aliyefunguliwa anwani na mjukuu wake, kisha mjukuu akaenda shule mbali, yuko katika hatari hiyo.

5. Hesabu ya alama

Programu haiwezi kuendelea milele kumwandikia mtu ambaye barua zake zinarudi, kwani seva kubwa humhesabu mtumaji wa namna hiyo kuwa msambazaji wa barua taka na kumfungia hata kwa wanachama wengine. Kwa sababu hiyo Mailman huweka hesabu. Kila siku ambayo barua ya mwanachama imerudi, huandikiwa alama, isiyozidi moja kwa siku. Alama zikifika 5, hapelekewi barua tena. Hivyo ndivyo ilivyopangwa asilia: *husimamishwa*, yaani jina limo daftarini lakini barua hazitumwi. Kisha programu humwandikia maonyo matatu, moja kila baada ya siku 7, ikimtaka athibitishe kuwa bado yupo. Asipojibu, *huondolewa*. Zikipita siku 7 bila barua yoyote kurudi, alama za zamani hufutwa.

Hesabu hii ina matokeo mawili ambayo msimamizi mpya hayatazamii. Kwanza, kadiri mazungumzo yanavyochangamka ndivyo watu wanavyodondoka haraka. Orodha inayopata barua moja kila baada ya siku 10 haitamsimamisha mtu kamwe, maana alama zake hufutwa kabla ya kuongezeka. Orodha ileile ikipata mjadala mkali, tuseme juu ya namna ya kuandika irabu za Kiyaaku, itaandika alama tano kwa siku tano. Wanaodondoka wanadondoka katikati ya mjadala unaowahusu.

Pili, maonyo yote matatu hupelekwa kwenye anwani ileile ambayo imeshathibitika kwamba haipokei barua. Ni sawa na karani wa baraza kumpelekea mtu aliyehama hati ya wito katika nyumba aliyohama, mara tatu, kisha akaandika kuwa ameitwa na hakuja. Chini ya mwezi mmoja baadaye jina halimo tena, na mwanachama hana habari. Yeye anaona tu kwamba wenzake wamenyamaza. Katika jamii ambayo wazee wanaokumbuka Kiyaaku wanahesabika, orodha inayoendelea vizuri bila wao, kwa Kiingereza, kati ya Nairobi na Ulaya, ni hasara ambayo hakuna msimbo unaoitaja.

Tiba yake si ngumu. Kikomo cha alama 5 kinaweza kupandishwa. Muda wa maonyo unaweza kurefushwa. Uondoaji wa moja kwa moja unaweza kuzuiwa ili jina libaki limesimamishwa hadi binadamu aliamulie. Aidha, mwanachama aweza kuchagua kupokea mkusanyo mmoja wa siku badala ya kila barua peke yake. Lipo pia tatizo la anwani iliyobadilika. Mtu hujiandikisha kwa anwani ya chuo, kisha huielekeza ipeleke barua zake kwingine. Siku barua ikirudi, inamtaja mtu asiyemo daftarini. Mwaka 1997 D. J. Bernstein alieleza njia ya kuliondoa: anwani ya mwanachama huandikwa ndani ya anwani ya kurudishia iliyo juu ya bahasha, kwa kila nakala peke yake, hivi kwamba barua ikirudi, bahasha yenyewe hutaja ilikuwa ya nani. Mailman inaweza kufanya hivyo ikiamriwa.

6. Aprili 2014

Aina moja ya kukataliwa inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa imewachanganya wasimamizi wengi na ingali inawachanganya.

Ili kuzuia watu kughushi anwani za wenzao, seva hukagua mambo mawili. La kwanza ni njia: je, mashine iliyoileta barua hii imeruhusiwa na kikoa kilichoandikwa juu ya bahasha? La pili ni muhuri: je, barua imetiwa muhuri wa kikoa chake, na muhuri huo haujavunjika? Kanuni iitwayo DMARC huongeza sharti kwamba angalau ukaguzi mmoja ufaulu *na* ukubaliane na jina lililo kwenye kichwa cha barua. Tena humruhusu mwenye kikoa kutangaza hadharani barua isiyofaulu itendewe nini: ipokewe, itiliwe shaka, au ikataliwe.

Orodha ya barua pepe huanguka katika ukaguzi wote huu bila kosa lolote. Njia hailingani, kwani bahasha ni ya orodha na si ya mwandishi. Muhuri nao huvunjika, kwani orodha huongeza jina lake mwanzoni mwa kichwa cha habari na mistari ya maelezo chini ya barua, na muhuri hukubali tu maandishi ambayo hayakuguswa. Kwa muda mrefu jambo hili halikudhuru, maana hakuna kampuni kubwa ya barua za umma iliyokuwa imetangaza “ikataliwe”. Mwezi Aprili 2014 Yahoo ilitangaza hivyo, na AOL ikafuata mwezi huohuo. Orodha duniani kote ziliingia katika vurugu kwa usiku mmoja.

Ajabu ya hitilafu hii ni kwamba anayeadhibiwa si anayeisababisha. Mwanachama mwenye anwani ya Yahoo huandika barua. Seva za Gmail, kwa kutii tangazo la Yahoo, huikataa kwa 5.7.1 au msimbo unaofanana nao. Na alama huandikwa dhidi ya kila msomaji mwenye anwani ya Gmail. Mwandishi mwenyewe haandikiwi kitu. Akiandika siku tano mfululizo, nusu ya orodha inaweza kusimamishwa. Katika orodha yetu ya kubuni, karibu wanachama wote wa Doldol wangekuwa na anwani za Gmail, kwa kuwa ndizo zinazokuja na simu. Wale wa vyuoni wangekuwa na anwani za vikoa mbalimbali. Msimamizi angeona anwani za Doldol zote zikianguka pamoja, na angerudia kusema: mtandao wa kule ni mbaya.

Dalili ya kuitambua ni rahisi. Watu wengi wakisimamishwa siku moja, chanzo kisitafutwe kwa watu hao. Itafutwe barua moja waliyoikataa wote, na aangaliwe nani aliyeiandika. Mailman ilirekebishwa ili iweze kubadili kichwa cha barua: mahali pa jina la mwandishi na anwani yake huwekwa jina lake likifuatiwa na jina la orodha, na anwani ikawa ya orodha. Hapo bahasha na kichwa hulingana tena. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zilipoanza kudai uthibitisho wa namna hii kwa watumaji wa barua nyingi, urekebishaji huo hauna budi.

Lugha inaingia hapa kwa mlango wa nyuma. Kichwa kilichorekebishwa huhitaji neno moja la kuunganisha jina la mtu na la orodha. Baadhi ya wafasiri hupenda “kwa niaba ya”. Hilo ni kosa, tena si dogo, maana humgeuza mwandishi kuwa mjumbe aliyetumwa na orodha, au orodha kuwa wakili wa mwandishi, na mambo yaliyoandikwa huwa na mamlaka ambayo hayakuwa nayo. “Kupitia” ndilo neno: linataja njia, halitaji mamlaka.

7. Herufi na sauti

Zipo hitilafu ambazo hazirudishi barua hata moja, na kwa mwanaisimu hizo ndizo mbaya zaidi.

Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida tu, na orodha iliyoanzishwa kwa mpangilio wa asili wa Kiingereza hukipitisha bila kukigusa. Kimaasai kina irabu tisa, nacho katika maandishi ya kitaalamu huhitaji alama kama ɛ, ɔ, ɨ na ʉ. Pia huhitaji alama za toni. Mailman 2.1, orodha ikiwa ya Kiingereza, huchukua herufi za msingi pekee kuwa ndizo halali wakati wa kutengeneza mkusanyo wa siku, na kila herufi isiyoifahamu huiweka alama ya kuuliza. Mwanachama wa Doldol aliyechagua mkusanyo ili kupunguza gharama atapokea orodha ya maneno ambayo irabu zake zote muhimu ni “?”. Mwenzake wa Leiden, anayepokea barua mojamoja, ataona irabu kamili na hataelewa lalamiko. Hitilafu hii huweza kudumu miaka, kwa sababu mijadala inayoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza haiifichui. Msimamizi hana budi kutuma barua ya majaribio yenye herufi hizo siku ya kwanza, na kuifungua katika mkusanyo.

Jambo la pili ni ukubwa. Kikomo cha asili cha barua moja ni kilobaiti 40. Kwa maandishi ni kingi. Kwa sauti si kitu. Mzee akisema maneno kumi ya Kiyaaku katika simu na rekodi ikatumwa kwa orodha, barua huzuiliwa ikisubiri idhini. Msimamizi akiwa likizoni, hukaa hapo. Vivyo hivyo barua iliyotumwa kwa simu ya mtu mwingine, kwa kuwa anwani yake haimo daftarini: haikukataliwa wala kuahirishwa, *imezuiliwa*, na hiyo ni hali ya tatu ambayo nayo yastahili neno lake. Rekodi zenyewe ni afadhali ziwekwe mahali pengine pa kuhifadhia, na orodha ipelekewe anwani ya mahali hapo tu.

8. Taarifa kwa mwanachama

Matini za taarifa katika Mailman zinaweza kuandikwa upya na msimamizi, na hii ni kazi ya idara ya lugha kuliko ya fundi. Taarifa nyingi zilizotafsiriwa huamrisha: bonyeza, thibitisha, ingiza. Mzee wa Doldol haamriwi hivyo na kijana, sembuse na mashine. Kiswahili kina dhamira tegemezi kwa ajili hiyo, nayo haiongezi hata neno moja.

Lakini kwa kuwa taarifa ya barua pepe haimfikii aliyesimamishwa, daftari la orodha lafaa liwe na namba ya simu ya kila mwanachama aliyekubali kuitoa, lisilowekwa hadharani. Ujumbe mfupi unaofaa, wa herufi zisizozidi zile za ujumbe mmoja au miwili ya simu, ungekuwa wa namna hii: “Mzee, salamu. Barua za orodha zimesimama tangu Jumatatu kwa kuwa kisanduku chako kimejaa picha. Jina lako bado limo. Tafadhali ufute zile usizozihitaji, kisha unijulishe nikufungulie.” Sentensi ya tatu ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na ndiyo ambayo mpokeaji huitafuta kwanza.